Humu Mnanuka

Sisi tuliokulia Mununga, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, tulifunzwa na moshi kabla hatujafunzwa na vitabu. Jioni, samaki wanapobanikwa, kila moshi huwa na mwenyewe: huu wa kwa shangazi, ule wa kwa jirani, na ule wa mbali, upande wa Nchelenge, wa nyasi zinazochomwa kabla ya mvua. Harufu ya chisense, dagaa wetu wanaoanikwa juani, humwambia hata mtoto aliyefumba macho kwamba amefika ufukoni. Kwa hiyo tulipoisikia kwa mara ya kwanza methali isemayo "Pafukapo moshi pana moto", kutoka kwa wachuuzi wa samaki waliovuka ziwa kutoka Kongo, hatukuhitaji kufafanuliwa. Moshi una mahali pake. Ukipajua mahali, umeujua moto.

Miaka mingi baadaye methali hiyo ilitushinda angani. Tulikuwa walimu watano, tumepanda ndege Lusaka, tukielekea Dar es Salaam kwenye mafunzo ya Kiswahili. Mara baada ya ndege kutulia juu ya mawingu, tulisikia harufu. Haikuwa ya chakula. Ilifanana na ya soksi mbichi zilizosahauliwa ndani ya kiatu, na ndani yake mlikuwa na ukali wa mafuta yaliyoungua. Moshi hatukuuona. Mwenzetu mmoja aliunusa mkoba wake, akalinusa koti lake, kisha akanyamaza.

Sote tulinyamaza, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mmoja alidhani ndege zote hunuka hivyo. Mwingine alijiambia kwamba wenye kazi yao wamekwisha kujua. Mzee wetu, aliyefundisha sarufi kwa miaka mingi, alikuwa na sababu ya tatu. Mhudumu alipopita, alifungua kinywa ili aseme, "Dada, mnanuka," akakifunga. Kiambishi m- hutumikia mabwana wawili: nafsi ya pili wingi, na ngeli ya mahali pa ndani. Sentensi aliyoikusudia ilihusu chumba. Sentensi ambayo dada yule angeisikia ingemhusu yeye na wenzake. Mzee alipokuwa akitafuta njia ya kuepuka tusi, dakika kumi zilipita. Katika safu iliyo mbele yetu mtoto mchanga alianza kukohoa, na mama yake akawa anampepea kwa karatasi ya maelekezo ya usalama.

Kikohozi kile ndicho kilichomfungua mzee ulimi. "Samahani, dada," alisema, "humu mnanuka."

Dada hakucheka. Aliinama, akauliza kwa sauti ya chini: "Ni hapa mlipokaa, mzee wangu, au ni humu mote? Imeanza lini? Inafanana na nini?" Tulimjibu kadiri tulivyojua. Akaenda kwenye simu ya wahudumu, hatua chache nyuma yetu, nasi tukamsikia akimwambia rubani: "Abiria wa safu ya 23 wanasema wanasikia harufu kama ya soksi na mafuta yaliyoungua, tangu dakika kumi hivi. Nami nimeisikia. Moshi sijauona."

Tumeirudia taarifa ile mara nyingi darasani. Kila sehemu yake ina mwenyewe. "Wanasema" ni ushahidi wa abiria. "Nimeisikia" ni ushahidi wake. "Sijauona" ni mpaka wa ujuzi wake. Hakusema "hakuna moshi", kwa maana hilo hakulijua. Kati ya "hakuna moshi" na "sijauona moshi" pana tofauti ambayo mtihani huihesabu alama moja, lakini angani huweza kuwa na thamani ya roho za watu.

Wahudumu waligawana kazi. Mmoja alikagua vyoo, wa pili akagusa milango ya majiko na ya makabati ya mizigo kuona kama ina joto, wa tatu akamhamisha mama na mtoto wake mbele, ambako harufu ilikuwa hafifu. Marubani hatukuwaona, lakini taratibu za kazi yao huwataka wavae vinyago vya oksijeni kwanza, ndipo watafute chanzo. Rubani aliyelewa mvuke hawezi kumsaidia mtu. Kisha tulisikia sauti: "Ndani ya ndege mna harufu. Chanzo chake hatujakijua. Kwa kuwa hatujakijua, tunarudi Lusaka."

Tulitua salama, magari ya zimamoto yakiwa kandokando ya njia. Mafundi waliingia, sisi hatukupata kuambiwa walichokiona. Tulichojifunza baadaye ni jinsi ndege inavyopumua. Katika ndege nyingi za jeti, hewa ya abiria huchotwa kwenye injini, katika sehemu inayoigandamiza hewa kabla haijakutana na mafuta ya kuwakia. Kizibo cha mafuta ya kulainishia kikivuja, mvuke wake huweza kuingia katika hewa hiyo na kusambazwa kwa mabomba chumba kizima. Harufu ya namna hiyo haina "hapa". Ina "humu" tu.

Asiyekubali kusema "sijajua" huweza kulipa gharama kubwa. Tarehe 8 Januari 1989, ndege aina ya Boeing 737 iliyotoka London kwenda Belfast ilivunjika pangaboi katika injini ya kushoto. Ndege ilitikisika, na harufu ya kuungua ikaingia. Marubani waliamini kwamba hewa ya chumba cha abiria ilitoka hasa katika injini ya kulia, kama ilivyokuwa katika ndege za zamani za aina hiyo. Wakaizima ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtikisiko na harufu vikapungua kwa sadfa, nao wakaona wamepatia. Nahodha aliwatangazia abiria kwamba hitilafu ilikuwa katika injini ya kulia. Baadhi ya abiria na wahudumu walikuwa wameona moto upande wa kushoto. Hakuna aliyemwambia. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, na kati ya watu 126 waliokuwamo, 47 walikufa.

Sisi Wazambia tuna jeraha linalofanana na hilo. Tarehe 27 Aprili 1993 timu yetu ya taifa ya kandanda iliangamia baharini karibu na Libreville. Watu wote 30 waliokuwa ndegeni walikufa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2003 ilieleza kwamba injini ya kushoto ilishika moto, na rubani aliyechoka, akidanganywa na taa mbovu ya tahadhari, aliizima ya kulia. Hatusemi kwamba sarufi ingewaokoa. Tunasema kwamba pote pawili hatari ilikuwa mahali pamoja, na uamuzi ukaelekezwa mahali pengine.

Ndiyo maana hatufundishi tena ngeli ya mahali kama orodha ya kukariri. Wanafunzi wetu wa ufukoni huja na Kibemba, ambacho hutaja mahali mwanzoni mwa nomino: pa ng'anda, ku ng'anda, mu ng'anda. Kiswahili husema "nyumbani" kwa yote matatu, kisha huviachia vivumishi na vitenzi kazi ya kuyatenganisha: nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu. Mwanafunzi anayedhani kwamba -ni imekwisha kumaliza kazi hupoteza tofauti aliyozaliwa nayo. Tunamwonyesha kwamba "pananuka" huelekeza kidole, "kunanuka" huashiria upande, na "mnanuka" huzungusha kuta. Na kwamba kiambishi kikiwa na utata, kionyeshi kimoja, "humu", hutosha kuuondoa. Baada ya hapo tunamfundisha -ja-, ili awe na njia ya heshima ya kukiri kwamba hajajua.

Mama wa mtoto yule alitupita katika ukumbi wa Lusaka, mtoto amelala begani. Alimshukuru mzee wetu kwa kusema. Mzee aliinamisha kichwa, akajibu, "Nilichelewa, mwanangu." Hakutaka kufarijiwa, nasi hatukumfariji, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa pamoja naye.

Wewe utakayesimama darasani, siku moja mtoto atainua mkono na kusema, "Mwalimu, mnanuka." Darasa litacheka. Mpe kwanza neno "humu", kisha weka chaki chini umwulize anasikia harufu gani, wapi, na tangu lini.