Kilo Zinaenda Wapi?

Swali ni la mama, si langu. Nikichuma kilo 20 asubuhi, anasema, mbona jioni mzani unasoma 18? Hizo mbili zimeenda wapi, na nani amezila?

Huku kwetu Itumbe, Kisii, swali kama hilo lina mshukiwa tayari: yule wa mzani. Na kusema kweli, kuna siku ni yeye. Nimesimama kituoni nikaona kilo 12 na nusu zikiandikwa 12, hivyo tu, bila aibu. Nusu hiyo haihitaji sayansi. Lakini kuna siku mzani uko sawa na kilo bado zinapungua, na hapo ndipo nilianza kumwambia mama mambo niliyosoma chuoni kabla karo haijaisha.

Jani bichi la chai ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Ukilichuma halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, linachoma sukari yake, linatoa kaboni dioksidi na joto, ndiyo maana ukitia mkono katikati ya gunia lililokaa sana unasikia moto. Jua likiwaka na lori likichelewa, maji yanapanda hewani, na yakishapanda hayaandikwi kwenye risiti.

"Kwa hivyo ni mimi nalipia jua?"

Ndiyo, mama.

Darasani tuliimba kwamba maada haiumbwi wala haiangamizwi. Hatukuambiwa sana habari za chombo. Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyelipa wazo hilo nguvu kwa kupima kila kitu, alipasha zebaki moto ndani ya chombo kilichofungwa, ili hata hewa ihesabiwe. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1789. Mchana, huyohuyo alikuwa mwanahisa katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi, na kwa kazi hiyo alikatwa kichwa Paris tarehe 8 Mei 1794. Mama alilipenda hilo kuliko zebaki yote. Mtu wa mizani, akasema, kumbe hata huko waliwachoka.

Kikapu cha mama hakina kifuniko. Kiwanda nacho hakina. Chukua kilo 100 za majani bichi zenye maji kilo 77. Zikikaushwa mpaka maji yabaki asilimia 3 hivi, unapata chai kama kilo 24. Kilo 76 zimetoka zikiwa mvuke, na hakuna aliyeiba. Katikati ya safari hiyo majani yanasagwa na kuachwa yakutane na hewa. Ule ukijani unageuka rangi ya shaba kwa sababu yanavuta oksijeni, yaani kuna kitu kinaingia huku maji yakitoka. Katika ile chai unayokunywa na mandazi kuna hewa kidogo ya Kisii, imefungwa humo.

Kuni ndizo zinanishinda kueleza bila karatasi. Mikaratusi inaingia kwenye tanuri kwa malori, majivu yanatoka kwa toroli. Ukiangalia tu, utaapa kitu kimeangamia. Sasa hesabu: kilo moja ya kuni kavu ina karibu nusu kilo ya kaboni. Kila gramu 12 za kaboni zinashika gramu 32 za oksijeni na kuwa gramu 44 za kaboni dioksidi. Nusu kilo hiyo inatoka ikiwa karibu kilo 1.8. Kinachopita kwenye dohani ni kizito kuliko kuni zilizoingia.

Mama aliniangalia vile huangalia mtu anayemuuzia mbuzi mgonjwa.

"Na huo moshi, kuna mahali unapimwa?"

Nikamwambia Ulaya wana soko la hewa hiyo tangu 2005, viwanda vinahesabu tani na kuuziana vibali.

"Tani za moshi zinaandikwa," akasema. "Hiyo nusu yangu ndiyo haikutosha kwa kalamu."