Sakafu ya Bafu la Mama

Nyumba yetu ipo Songea, upande wa mji unaotazama milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanzia. Nchi ile si tambarare. Mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, kila ua huwa na kijito chake, na kila mtoto ajua maji yatapita wapi hata kabla hayajafika. Mimi nami nilizaliwa hapo, tena nilikuwa mwalimu wa hesabu. Sikudhani kabisa kwamba maji yangeweza kunishinda ndani ya chumba chenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu.

Mwaka 2016 mama yangu alikuwa amekwisha kuwa mzee, macho yake yamepungua nguvu, na bafu letu la zamani lilikuwa nje, mbali na mlango. Nikaazimu kumjengea bafu lililopakana na chumba chake cha kulala. Mwashi alipomaliza kuta akaenda zake, na fedha zilizosalia zilikuwa chache. Nikasema moyoni, "Sakafu nitaitengeneza mwenyewe."

Shimo la kutolea maji lilikuwa katika pembe ya ndani, na mlango ulikuwa katika pembe ya mbali kuliko zote. Nilijua kwamba sakafu ya bafu yapasa kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Kutoka pembe hata pembe ni mita 2 na nusu, basi nikapata sentimita 5. Nikachanganya mchanga na saruji, nikaweka unene wa sentimita 3 penye shimo na sentimita 8 penye mlango. Juu yake nikapiga nili ya saruji, nikaisugua kwa mwiko hata ikang'aa. Vigae nilikusudia kuviweka baadaye. Nilisimama nikiitazama kazi yangu, nikajiona fundi.

Mama alipooga mara ya kwanza, maji hayakwenda shimoni. Yalikuja polepole mlangoni, yakatuama hapo. Nikamwambia kwamba nitayasukuma kwa ufagio kila siku, naye hakulalamika. Siku ya nne, nikiwa shuleni, alitoka bafuni, akakanyaga dimbwi juu ya ile nili iliyong'aa, akaanguka na kuvunjika kiwiko cha mkono. Nilimkuta ameketi kitandani, ameushika mkono wake, akaniambia, "Usihangaike, baba, ni mkono tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Ndipo nilipokwenda mtaa wa Lizaboni kumtafuta mzee mmoja ambaye ujanani mwake alijifunza uashi Peramiho. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Mwalimu, ulipima unene, au ulipima kimo?"

Sikulielewa swali lile mpaka alipofika nyumbani. Alikuwa na mpira mwembamba unaopenya nuru. Aliujaza maji, akatoa mapovu yote kwa kuugonga kwa vidole, maana povu likibaki ndani kipimo huwa cha uongo. Mimi nikashika ncha moja ukutani, yeye nyingine. Maji yaliyo katika mpira mmoja husimama kimo kimoja katika ncha zote mbili, hata mpira ukizunguka pembe nne. Kwa njia hiyo tulipiga mstari mmoja sawasawa kuzunguka kuta zote. Kisha tukapima kutoka mstari ule kwenda chini, na aibu yangu ikaonekana. Jamvi la zege lililo chini lilikuwa limedidimia upande wa mlango kwa sentimita 6. Mimi nilipandisha sentimita 5 juu ya kitu kilichoshuka sentimita 6. Mlango ukawa chini ya shimo kwa sentimita 1. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila nilianza kuhesabu mahali pasipo sahihi.

Mzee akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Penye shimo palilia kama jiwe, penye mlango palilia kama ngoma. Tukabomoa, tukakuta kifusi hakikushindiliwa. Udongo mwekundu ulikuwa umelala ovyo na katikati yake mna nafasi. Tulimwagia maji, tukashindilia kwa gogo kutwa nzima, tukamwaga zege jipya. Zege lilipokuwa likikomaa, mzee alinisimulia habari za Wamatengo wa Mbinga, ambao katika miteremko mikali hulima kwa kuchimba mashimo yaitwayo ngoro, ili maji yasimame yasichukue udongo. "Wao huyafundisha maji kukaa," akasema, "sisi twayafundisha kuondoka. Lakini wote sharti tujue kwanza mlima umelalia wapi."

Zege lilipopata nguvu tulianza tabaka la juu. Nilitaka kulisawazisha na kifuniko cha shimo. Akanizuia: "Na kigae utakiweka wapi?" Kweli, sharti tabaka lile liwe chini ya kifuniko kwa unene wa kigae pamoja na gundi yake. Kisha tukapima kutoka mstari wa ukutani kwenda chini: penye shimo sentimita 105, penye mlango 100, na katika pembe mbili zilizobaki 101.8 na 103.2. Akafunga kamba mbili kutoka pembe hata pembe, zikapishana katikati, zikagusana bila kusukumana. Hiyo ndiyo alama ya kwamba sakafu ni bapa kama meza iliyoinamishwa. Kama kamba moja ingepita juu ya nyingine, sakafu ingekuwa imejipinda, na kigae kikubwa, ambacho hakikunjiki, kingeinua pembe yake kama jino. Mimi niliyefundisha pembetatu miaka mingi sikuwa nimewahi kufikiri kuhakikisha hesabu kwa kamba.

Tukalowesha zege, tukalipaka uji wa saruji ili tabaka jipya lishike. Mchanganyiko ulikuwa ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga, tena mkavu: ukiufinya kiganjani hushikamana kama tonge, wala hautoi maji. Tulivuta ubao ulionyoka kutoka juu kuja shimoni. Nilipochukua saruji nipige nili, mzee akaniondolea mwiko mkononi. Gundi ya vigae hutaka uso wenye ukwaru. Tukafunika kwa magunia, nikayalowesha asubuhi na jioni kwa siku 7. Baada ya kukauka vizuri tulipaka mara mbili dawa ya kuzuia maji, ikapanda ukutani kiasi cha shubiri moja.

Kabla ya kigae cha kwanza mzee alimwaga ndoo ya maji mlangoni. Yalitandaa, yakakusanyika, yakaingia shimoni. Palibaki doa dogo karibu na ukuta, pana kama sahani. Akalizungushia chaki, kesho yake akalijaza. Ndipo tulipopanga vigae (watu wengi huviita marumaru, ingawa si mawe ya marumaru). Nilinunua vile vya uso mkwaruzo, visivyong'aa.

Mkono wa mama ulikuwa umepona alipoingia tena bafuni. Aliniambia nisimame karibu naye. Akamwaga kopo la maji miguuni pake, akainamisha kichwa kusikiliza, kwa kuwa macho yake hayakumsaidia.

"Yamekwenda?" akauliza.

"Yamekwenda, mama."

Akanyosha mguu, akapapasa sakafu mpaka mlangoni, akarudi. "Haya," akasema, "sasa toka nje, nioge."