Mali bila daftari: tabia njema za kukomiti

Leo nataka tuzungumze kidogo kuhusu komiti. Hapana, si kamati ya harusi :-)

Kwa wale ambao hawajakutana na neno hili: waandishi wa programu wanaofanya kazi pamoja huweka msimbo wao katika ghala moja. Kila badiliko linaloingia huandikwa: nani kabadilisha, lini, mistari ipi, pamoja na ujumbe mfupi wa maelezo. Badiliko moja lililoandikwa hivyo ndiyo komiti. Zamani wengi walitumia CVS, kisha Subversion iliyoanza mwaka 2000. Siku hizi wengi wetu tuko kwenye Git, ambayo Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux.

Mimi niko Meru, mwenzangu yuko Embu. Katikati kuna Chuka na kona zisizohesabika. Hatuonani kila wiki, na stima ikiwa kwangu huenda kwake imepotea. Kwa hiyo mengi anayoyajua kuhusu kazi yangu ya jana ni yale niliyoyaandika kwenye komiti.

Sasa sikiliza kisa hiki. Tulirithi programu ya ushirika mmoja wa maziwa. Mama mmoja wa upande wa Nkubu alisoma karatasi yake ya malipo, akamwuliza karani kama siku hizi ng'ombe wanakamuliwa kwa kilo nzima tu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Akileta kilo 7.6, mfumo uliandika 7. Hiyo 0.6 kwa siku 30 ni kilo 18 za mtu mmoja. Zidisha kwa wanachama wote.

Amri ya `git blame` ilituonyesha mara moja komiti iliyoukata mkia wa desimali. Ujumbe wake: "marekebisho ya leo". Ndani yake mafaili 43: rangi za ukurasa, nambari ya simu ya ofisi, malipo ya M-Pesa, na huo mstari wa kilo. Kama mstari ule ungekuwa na komiti yake, `git revert` ingeuondoa kwa dakika moja. Lakini kuifuta komiti nzima kungefuta pia malipo yaliyokuwa yanafanya kazi. Tulichambua siku mbili. Na hadi leo hatujui kama ulikuwa uamuzi wa mtu au kuteleza kwa kidole, kwani hakuna aliyeandika sababu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haya ndiyo tunayofuata sasa:

1. Jambo moja, komiti moja. Haba na haba. Ukijikuta unaandika "na pia" kwenye ujumbe, hizo ni komiti mbili. Kama umeshachanganya, `git add -p` hukuwezesha kuchagua kipande kwa kipande.

2. Andika kwa nini. Msimbo wenyewe unaonyesha kilichobadilika. "Badilisha hesabu" haisaidii. "Hifadhi desimali moja ya kilo, wakulima walikuwa wanapunjwa" inasaidia. Mstari wa kwanza uwe mfupi, herufi 50 hivi, kisha uache mstari mtupu ndipo ueleze zaidi.

3. Taja nambari ya tatizo kama mnayo orodha. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kufanyiwa kazi Eldoret, una desturi ya kuanza ujumbe na nambari hiyo. KenyaEMR ya vituo vyetu vya afya imejengwa juu yake.

4. Usikomiti kwa kuogopa stima tu. Komiti ya Git hukaa kwenye mashine yako hadi uisukume, na wala haihitaji mtandao. Hifadhi utakavyo, lakini panga na ujaribu kabla ya kusukuma kwa wenzako.

5. Vuta kazi za wenzako kila asubuhi. Ukikaa wiki mbili peke yako, migongano itakungoja mlangoni.

6. Nywila na funguo za malipo zisiingie kabisa. Ukizifuta kesho, bado ziko kwenye historia. Zikishaingia, zibadilishe mara moja.

Jambo la mwisho: lugha. Kimeru na Kiembu ni ndugu, lakini si pacha, na saa sita za usiku mfumo ukianguka hutaki kubahatisha maana. Sisi tumekubaliana kuandika Kiswahili. Chagueni yenu, mradi iwe moja.

Leo fungua `git log` ya mradi wako usome komiti zako kumi za mwisho. Ukikuta hata wewe mwenyewe huelewi tatu kati yake, mfikirie mwenzako aliye mji mwingine.