Jicho la pili kabla ya insulini kumfikia mtoto

Mwana wa John Costik, mhandisi wa programu katika jimbo la New York, Marekani, alikuwa na miaka minne alipogundulika kuwa na kisukari aina ya kwanza mwaka 2012. Alivaa mwilini kifaa kidogo kinachopima sukari kila baada ya dakika 5, lakini namba zilionekana kwenye kipokezi kilichokuwa karibu naye tu. Baba akiwa kazini, hana habari. Mzazi aliyewahi kuamka saa nane usiku kumtoboa mtoto kidole anaijua hofu hiyo.

Mwaka 2013 Costik aliandika programu ya kuzituma namba hizo kwenye intaneti, akawa anazisoma kwa simu. Aliwapa wenzake, wakaiendeleza, ikazaliwa Nightscout: ni ya bure, na yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa.

Kusoma namba ni jambo moja. Kuamua dozi ni jingine kabisa. Dana Lewis, mwenye kisukari hichohicho, alikuwa na usingizi mzito kiasi cha kutosikia kengele ya kifaa chake. Yeye na Scott Leibrand walianzia kwenye kazi ya Costik, na mwaka 2015 wakatangaza OpenAPS, kompyuta ndogo inayosoma sukari na kuiamuru pampu iongeze au ipunguze insulini. Insulini ikizidi, mgonjwa anaweza kupata degedege, kuzimia, hata kufa. Nukta ya desimali ikikaa mahali pasipo pake, hilo si sawa na simu kuganda.

Hapo ndipo kazi ya kukagua inapokuwa na uzito. Mtu akiandika badiliko, mwingine hulisoma mstari kwa mstari kabla halijaingizwa, akiuliza: kipimo kisiposomeka itakuwaje? Namba ikiwa ya uongo? Wauguzi hawatashangaa, maana katika wodi nyingi dozi ya insulini huhakikiwa na watu wawili. Waliobuni OpenAPS waliongeza kinga nyingine: amri kwa pampu hudumu muda mfupi tu, na mawasiliano yakikatika pampu hurudi kwenye mpango wake wa kawaida. Tena programu huandika sababu ya kila uamuzi, ili mzazi naye asome.

Jicho la pili nalo hupitiwa. Mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 2011, badiliko liliingizwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za tovuti nyingi duniani. Lilikuwa limekaguliwa. Kasoro yake, iliyopewa jina la Heartbleed, ilikaa humo hadi Aprili 2014. Baadaye mradi huo ulikaza kanuni ya ukaguzi kwa kila badiliko.

Wazazi wa Nightscout walikuwa na kaulimbiu yao: hatusubiri. Walichoshwa na kampuni zilizochelewa huku watoto wao wakilala na hatari. Kisha baadhi yao, kwa hiari na bila malipo, wakajikuta wanawaambia wazazi wenzao wasubiri kidogo, badiliko halijasomwa. Kumwambia hivyo mama asiyelala ni kazi ngumu, na mkaguzi hapigiwi makofi. Januari 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Tidepool Loop, programu iliyotokana na mojawapo ya kazi hizo za kujitolea.