Nani alipata faida?

Kaka yetu mkubwa, tunayemwita Yaya, anasema Vita Club ilijidanganya mwaka 2021 ilipomwacha Fiston Mayele aende Yanga ya Dar es Salaam. Tunabishana kila jioni hapa kwetu Mangobo, lakini kwa hilo namkubalia. Mwaka 2023 Mayele aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho, akamaliza mashindano na mabao 7.

Mwaka ule ule Yanga wakamuuza Misri, kwa Pyramids. Mashabiki walilalamika, msimu uliofuata Yanga wakachukua tena ubingwa wa Tanzania bila yeye. Naye, Juni 2025, akafunga katika fainali mjini Cairo, Pyramids wakawa mabingwa wa Afrika. Katika biashara hiyo ya pili simwoni aliyepata hasara. Yaya anamwona, lakini Yaya huhesabu makombe tu.

Mimi nahesabu na kingine. Mdogo wetu alitolewa na timu ya mtaa kwenda timu kubwa zaidi hapa mjini, kwa mipira miwili na jezi za timu nzima. Hakuna aliyemwuliza. Miezi michache, goti likaumia, wakamrudisha nyumbani. Mipira ile ilishapasuka. Jezi bado zinavaliwa kila Jumapili, na namba 9 anavaa mwingine. Mdogo wetu hukaa pembeni akitazama.

Aliyepokea mipira ile, kama kapiteni, ni Yaya. Nikimwuliza upande gani ulipata, hurudi kwenye habari za Mayele.