Kushoto kwa Ruvuma

Dereva wa Mtwara aliyekwenda Palma, kabla ya vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017, alishuka Kilambo akangojea kivuko, nacho kivuko kikangojea maji. Alipofika ng'ambo aliendelea kushika kushoto. Hilo nalo ni la ajabu, kwani Ureno ilihamia kulia mwaka 1928, na Angola ikafuata. Msumbiji, kwa kupakana na makoloni ya Waingereza, ikaachwa ilipo. Mikono ya dereva, basi, haikusumbuka. Kilichosumbuka ni ulimi.

Askari alidai *carta de condução*, kisha *seguro*, maana bima ya nyumbani haivuki mto. Alipotaja *triângulo*, dereva alicheka: hata Mtwara huitwa triango! Akadhani amekwisha kukijua Kireno. Akaomba radhi kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kimakonde. Huenda babu zao walilima bonde moja, kabla Wajerumani na Wareno hawajaufanya mto kuwa mpaka mwaka 1886. Kionga, kilicho njiani, Wajerumani walikitwaa mwaka 1894, Wareno wakakirudisha mwaka 1916. Wenyeji hawakuhama, ila sheria juu yao.

Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, waliokimbilia mtoni hawakuwa na gari wala karatasi. Wengi walivuka kuja Mtwara. Maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, mbali huko bara, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010.