Kila Andiko Liulize Lilikotoa Habari

Mugeta, Bunda

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imefika. Umeniuliza kati ya masimulizi ya wazee na vitabu vya wasomi, ipi ndiyo historia ya kweli ya kabila letu la Waikizu. Kabla ya kuamua, kila andiko liulize: habari hizi zimetoka wapi, na ziliandikwa kwa kazi gani?

Chukua habari za Nyakinywa, anayetajwa kuwa mtemi wa kwanza wa Ikizu. Wazee husimulia kwamba alitoka Kanadi, Usukumani, akiwa na uwezo wa kuleta mvua, akamkuta Isamongo mwenye moto. Humo usitafute mwaka. Tafuta kwa nini utemi wa Ikizu ulishikamana na mvua. Hilo mpita njia hawezi kukueleza.

Mpita njia naye ana lake. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria, alikatiza Serengeti kuelekea Ziwa Viktoria, akawaona Wamasai wakifa njaa baada ya sotoka kuteketeza ng'ombe wao. Aliandika alichokishuhudia siku hizo, na ndiyo nguvu yake. Lakini alipita na msafara wenye bunduki. Mambo ya ndani ya kaya nani angemfungulia?

Baadaye Waingereza waliandika Kitabu cha Wilaya ya Musoma. Maofisa waliwahoji wazee kweli, ila walikuwa wakitafuta watawala wa kufanya nao kazi. Mtu anayejua kwamba jibu lake litampa cheo au litamnyima, huchagua maneno. Kisome ukilikumbuka hilo.

Kisha mtafute Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani. Mwaka 2003 alichapisha kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara Kusini. Mwaka 2007 akatoa kitabu chake, Imagining Serengeti. Kile cha kwanza kinakupa sauti ya wenyeji. Cha pili kinapambanisha masimulizi, maandishi ya wasafiri na majalada ya serikali. Usiruke tanbihi zake: ndizo zinazokuwezesha kumkagua mwandishi badala ya kumwamini tu.

Likizo njoo na daftari, maana wazee wetu wanazidi kupungua. Kila utakayemhoji, andika jina lake, ukoo wake, tarehe, na aliyemsimulia. Wawili wakipingana, waandike wote, usiwapatanishe. Atakayeandika historia yetu kesho atalihitaji daftari hilo.

Mungu akutunze.

Ni mimi mjomba wako